Waliolalia Kushoto

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Wahenga waliosema apone hawakupata kutembelewa na mgeni mwenye gari la kampuni. Huku vilimani, juu ya Kipatimu, mgeni akitangazwa mwenyeji huanza kuugua siku hiyo hiyo. Hufagia hadi njia za mbuzi, huchinja kuku anayetaga, huvaa Jumatano shati la Jumapili, kisha husimama juani akimsubiri mtu ambaye bado anakunywa chai Kilwa Masoko. Mgeni akishaondoka, mwenyeji hubaki na mifupa ya kuku na hotuba.

Mgeni wa safari hii alikuja kuwaeleza watu maana ya picha ya kilima chao wenyewe.

Picha ilitundikwa katika ofisi mpya ya kijiji. Ofisi ilijengwa na kampuni iliyokuwa ikichimba mawe ya chokaa kwenye kilima cha Ngulawe, na kampuni ilitaka ukuta wa mbele uwe na mandhari ya kijiji, kitu cha kupigia picha na wageni. Kazi hiyo akapewa Apolonia, mke wa Evaristo, kwa sababu alikuwa na stashahada ya sanaa, na kwa sababu hapakuwa na mwingine. Kabla ya hapo stashahada ilikuwa ikimlisha kwa kuandika vibao vya saluni na kuchora kuku wa kukaanga kwenye milango ya vibanda vya Kilwa Kivinje.

Alichora Ngulawe. Ukisimama mlangoni uliona kilima kama kinavyoonekana kutoka kijijini, na mashamba yake na njia yake nyekundu. Ukisogea, kilima kilikuwa watu. Bega lilikuwa ukingo wa juu, nyonga ilikuwa mteremko, magoti yalikuwa miamba. Walilala ubavu, mmoja nyuma ya mwingine, wamejifunika nyasi hadi shingoni, na mihogo imeota mapajani mwao. Njia ilikata kwenye kiuno cha mwanamke mmoja kama mkanda. Wa mbele kabisa alikuwa mzee mwenye pua kubwa, amefumba macho kama mtu anayesikiliza mvua.

Mgeni alikuwa mtaalamu wa sanaa kutoka Dar es Salaam, amevaa skafu shingoni katika joto lile. Aliiondoa kanga iliyofunika picha, akarudi nyuma, akashika kidevu, akauliza wananchi wanaona nini. Hakuna aliyejibu. Watu wa huku wamekwisha kujifunza kwamba mkubwa akiuliza swali, jibu amekuja nalo mfukoni.

Akalitoa. Alisema hiyo ni Afrika. Alisema Afrika imelala, ardhi imelala pamoja na watu wake, na wote wawili wanasubiri kuamshwa. Alipotaja kuamshwa alinyosha mkono dirishani, yalipoegeshwa magari ya kampuni. Mwenyekiti Dominick alianza kupiga makofi kabla sentensi haijaisha, na wajumbe wakamfuata kwa hofu ya kuonekana hawajaelewa.

Apolonia alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, pamoja na wanawake waliopika. Alinyosha mkono. Mjumbe mmoja alimwonyesha ishara aushushe, maswali baadaye. Hivyo aliyechora akanyamaza, na aliyefika asubuhi hiyo akaendelea kueleza alichochora mwenzake. Alisema nyasi ni matumaini. Alisema mihogo ni wanawake.

Kati ya wote waliokuwamo, mtu mmoja tu aliinuka kwenda kuitazama picha kwa karibu. Alikuwa Bi Sikina, mjane mwenye shamba chini ya Ngulawe. Alitazama muda mrefu, uso karibu kugusa rangi, kisha akageuka.

"Mbona wamelalia kushoto?"

Mtaalamu alitabasamu. "Mama yangu, sanaa haina kushoto wala kulia."

"Maiti anayo," akasema Bi Sikina.

Ofisi nzima ikaitazama picha upya. Kwenye Ngulawe Waislamu wa kijiji wamezikwa tangu enzi za babu wa mababu, na kibla kiko nyuma ya kilima. Mtu akizikwa pale hulazwa ubavu wa kulia, uso kule nyuma, mgongo kijijini. Watu wa Apolonia walilalia ubavu wa kushoto na nyuso zao zilikitazama kijiji. Wote, hata yule mwanamke mwenye mkanda wa njia, walikuwa wamekipa kibla kisogo. Mtaalamu alikuwa bado akitabasamu. Hakujua kwamba picha yake ya Afrika imekwisha kuwa makaburi.

Apolonia naye aliitazama upya. Yeye ni Mkatoliki. Kwao maiti hulala chali, macho juu, na upande si neno. Alipochora hakuwaza kaburi hata mara moja.

Ndipo sauti ya kiume, katikati ya watu, ikasema bila kupandishwa, "Tangu katapila lipite, nani anajua wanalalia wapi?"

Hilo ndilo neno ambalo Mwenyekiti Dominick alikuwa amelikimbia tangu msimu wa korosho. Katapila la kampuni lilikata upande wa chini wa Ngulawe, na yaliyotoka hayakuwa chokaa peke yake. Makaburi ya kule hayana saruji wala majina, ni mawe mawili tu, moja kichwani na moja miguuni, na mgeni hawezi kuyajua. Mwenyekiti si mgeni. Alikuwa amewathibitishia watu wa kampuni, kwa kinywa chake na kwa mhuri wa kijiji, kwamba kilima kile ni pori. Nusu ya juu ilikuwa bado, na kampuni ilikuwa ikiisubiri.

Dominick si mtu wa dini. Kanisani huonekana Krismasi na wakati wa kampeni, na kibla hakijui hata kwa kukisia. Lakini siku hiyo alipatwa na uchungu wa kibla kuliko imamu. Aliruka kutoka kitini, akaitupia picha kanga, akasema kwa sauti ya msibani kwamba binti huyu ametukana wazee wetu waliotangulia, amewageuza kwa brashi, na kijiji hakitalala mpaka aombe radhi mbele ya mkutano.

Watu waligeuka kumtazama Apolonia. Ilikuwa rahisi kugeuka upande ule. Upande wa pili lilikuwako gari la kampuni.

Wali ulipakuliwa. Apolonia, aliyechambua mchele huo tangu alfajiri, hakupewa sahani.

*

Nyumbani, Mzee Augustine alikuwa kitandani, amelalia kushoto.

Huyo ni baba yake Evaristo. Alivunjika nyonga ya kulia alipoteleza kisimani, na tangu hapo hakuweza kulala chali wala kulalia upande ule. Kutwa alitazama chumba kutoka ubavu mmoja, akikosoa kila kilichopita mbele yake. Apolonia alipopewa kazi ya picha hakuwa na uwezo wa kumlipa mtu alale amtazame, akamchora mkwewe. Kila mtu wa kile kilima alikuwa Mzee Augustine, ameongezwa matiti au amepunguzwa ndevu.

"Wamesemaje juu ya pua?" mzee aliuliza.

"Hawakusema juu ya pua, baba."

"Basi ni vipofu. Nilikwambia ni kubwa mno. Nitakumbukwa kwa pua, na miaka yote ile nimelima."

Apolonia alicheka, na kicheko kikamwishia katikati, kwa sababu Evaristo alikuwa ameingia na hakuvua kofia. Alikuwa amebaki ofisini kusikiliza wajumbe. Alieleza akiwa amesimama, akiutazama mguu wa kitanda. Kamati imeamua kwamba Apolonia ataomba radhi kwenye mkutano wa hadhara. Asipoomba, nyumba hii haimo tena katika kuzikana.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa uzito wake. Huku mtu anaweza kukunyima chumvi, anaweza kukushtaki kwa mbuzi wako, na mkaendelea kuishi. Lakini ukifiwa, yule yule aliyekushtaki huja na jembe begani bila kuitwa. Mwislamu humchimbia Mkatoliki, na Mkatoliki humbebea Mwislamu jeneza. Aliyetolewa katika kuzikana amefukuzwa kijijini huku bado anaishi ndani yake. Na katika nyumba hii kila mtu alijua ni nani anayefuata, naye akiwamo, amelalia kushoto.

"Waeleze ni nyonga," akasema Evaristo. "Waambie ulimchora baba."

"Nilinyosha mkono. Niliambiwa niushushe."

"Sasa unyoshe tena, Polo."

Mzee alikohoa. Alisema kama wanabishana juu ya maiti wake, wamsubiri kwanza afe, halafu aliomba uji.

*

Apolonia hakwenda kwa kamati. Alikwenda kwa Bi Sikina, kwa sababu kati ya wote walioudhika aliamini huyo ndiye aliyeudhika kweli.

Alimkuta akipukuchua mahindi barazani. Alimwamkia, shikamoo ikaitikiwa marahaba nyembamba, na hakukaribishwa mkeka. Akasimama uani kama mtoto aliyetumwa, akaeleza habari za nyonga, za kitanda, za mzee. Alisema hakujua.

"Nyonga nimeisikia," akasema Bi Sikina. "Mama yangu yuko kule juu. Yeye hakuvunjika nyonga."

"Kwa hiyo mama, unaamini mimi ndiye niliyemgeuza?"

Bi Sikina aliendelea na mahindi. Kisha akasema kwamba siku katapila lilipopanda alikuwa shambani. Aliona kitambaa cheupe kimening'inia kwenye meno ya chuma, kimechakaa, chembamba kama ganda la kitunguu. Alimfuata Mwenyekiti, akaambiwa ni mfuko wa saruji. Alifuata watu wa kampuni, mlinzi akamwambia ofisi imefungwa. Alirudi nyumbani akapika.

"Wewe nakufikia," alisema. "Nikikukemea unasikia, unakuja mpaka kwangu unanisimamia uani. Kwa wale nitamkemea nani? Gari?"

Jibu hilo lina haki na lina aibu kwa pamoja. Hasira ya mnyonge haina miguu mirefu. Humpiga aliye jirani na hurudi kulala ikidhani imefika mbali.

*

Kabla ya siku ya mkutano, kijiji kilianza mazoezi. Jumuiya, ambayo husali nyumba kwa nyumba, iliiruka nyumba ya Evaristo, na Monika, katibu wake, akasema zamu ilikosewa. Kisimani ndoo ya Apolonia ilisubiri hadi wa mwisho ajaze. Alipoteremka Kivinje kununua rangi, Quresh, mwenye duka la vifaa ambaye kibao chake alikiandika Apolonia mwenyewe kwa herufi za dhahabu, alimkaribisha kwa upole wote, akamwuliza hali ya mkwe, akamwambia rangi zimekwisha. Makopo yalikuwa yamepangwa nyuma ya kichwa chake.

"Dada yangu, wale wa kampuni wananunua kwangu," alisema hatimaye, bila kuulizwa. Huyo angalau aliona haya.

Jioni moja Mwenyekiti Dominick alifika mwenyewe, na pakiti ya sukari mkononi. Alimsalimia mgonjwa kwa sauti kubwa, kana kwamba nyonga ikivunjika masikio nayo huvunjika, kisha akaomba kuzungumza na wenye nyumba. Alisema yeye ni mzazi, hataki kuona mtu anaumia. Alisema mambo ni mepesi. Kuna maneno machache tu ya kutamka, na amekwisha kuyafikiria.

"Utasema hivi, mwanangu: mimi ndiye niliyewageuza wazee wa Ngulawe, naomba radhi. Basi. Tunapiga makofi, tunaondoka."

"Niliwageuza kwenye picha," akasema Apolonia.

"Usiongeze picha. Ukiongeza picha watu watachanganyikiwa."

Akaendelea kuorodhesha baraka. Malipo yaliyobaki ya picha yatatoka. Kampuni inahitaji mlinzi, na Evaristo ni mtu mrefu. Alipofika hapo Evaristo aliinua macho kwa mara ya kwanza. Miaka mingi ufuta wake umekuwa ukinunuliwa kwa bei anayoipanga mwingine, na mshahara wa mwezi alikuwa akiusikia tu kwa watu.

Apolonia aliuliza lini katapila litapanda nusu ya juu.

Dominick alikunja uso kidogo. Alisema hilo ni jambo la kitaalamu.

"Baada ya mkutano," akasema Apolonia. "Nitakapokuwa nimekiri. Mtu akiuliza makaburi yamevurugwa na nani, mnalo jina, nalo limejitaja lenyewe kwa kipaza sauti. Bi Sikina akiona sanda nyingine, mtamwambia ni laana ya brashi."

Mwenyekiti alisimama, akachukua pakiti yake ya sukari, akaondoka nayo. Kitandani Mzee Augustine alicheka hadi akashikwa na maumivu.

Lakini Evaristo hakucheka. Walipobaki wawili alimwambia mkewe kwamba yeye hana elimu ya kubishana na kampuni, ila ana baba mmoja, na baba huyo ataoza ndani kwa sababu ya maneno matatu manne anayoyakataa kwa kiburi. Apolonia alimjibu kwamba aibu ingekuwa kuyauza makaburi ya watu kwa pakiti ya sukari. Lilikuwa jibu kali na halikumsaidia mtu yeyote. Walilala wamepeana migongo, na siku ya mkutano ilipofika Apolonia alikwenda shambani. Kiti alichowekewa mbele ya kijiji kilikaa kitupu, na uamuzi ukasomwa.

*

Mzee Augustine alikufa asubuhi, baada ya kulalamika kwamba uji una moshi.

Evaristo alipita nyumba kwa nyumba kutoa habari, kama inavyotakiwa. Walimwambia pole, wote, kwa huruma ya kweli, na wakaingia ndani. Leonard, rafiki yake wa utotoni, alilia kabisa. Alilia, akafunga mlango. Katekista alisema atakuja kusali kaburi likiwa tayari. Hakusema nani atalitayarisha.

Basi wakachimba wao. Mwanamke hachimbi kaburi huku. Ni jambo ambalo hata halikatazwi, kwa sababu halijawahi kumjia mtu akilini. Apolonia alijifunga kanga kiunoni akashuka shimoni, Evaristo upande wa kichwa, yeye upande wa miguu, na udongo wa nyuma ya nyumba ile ni mawe yaliyoshikana kama meno. Jua lilipanda. Maiti alikuwa ndani peke yake, jambo ambalo nalo halifanyiki. Evaristo alichimba akitokwa na machozi na kamasi, bila kumtazama mkewe, na kila alipogonga jiwe alisema "baba", kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba samahani ya kumkanyaga.

Bi Sikina alitokea kwenye mihogo akiwa na ndoo ya maji kichwani. Aliitua, akawatazama.

"Sijakusamehe," alimwambia Apolonia. "Nimekuja kuzika." Akaingia ndani kukaa na maiti.

Kaburi lilikuwa limefika usawa wa mapaja Mwenyekiti alipokuja. Hakuja peke yake. Nyuma yake, njiani, walisimama wanaume wa kijiji, Leonard akiwamo, majembe na sururu mabegani. Hawakuuvuka mpaka wa ua. Walikuwa wamekuja na mikono yote ya kumaliza kazi ile kabla jasho halijawatoka, na walikuwa wakisubiri ruhusa ya kuwa watu.

Dominick alisogea hadi ukingoni. Alivaa shati jeusi na alizungumza taratibu, kwa majonzi aliyoyapiga pasi. Alisema kifo si cha kuchezea. Alisema marehemu alikuwa mzee wake pia. Alisema hata yale maneno marefu ameyaacha, hataki kumchosha mfiwa.

"Sema radhi tu, binti yangu. Neno moja. Hawa wote wanashuka sasa hivi."

Hapo Evaristo aliacha kuchimba. Alimgeukia mkewe kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na damu ilikuwa imechora mistari kwenye mpini. Hakumwamrisha, angeweza. Alisema tu, chini kwa chini, "Polo, baba yuko ndani."

Bi Sikina alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Kule njiani sururu zilishushwa begani, tayari. Apolonia alimtazama mumewe, akaona kwamba atakalolisema litamkata, na kwamba huenda jeraha hilo halitapona katika nyumba hii. Alilijua hilo na alilisema vilevile, kwa sauti ya kufika njiani.

"Mimi nilichora mkwe wangu amelala. Wazee wa Ngulawe wamefukuliwa na katapila, na aliyesema pale hapana kaburi ni huyu aliyesimama hapa. Anataka neno langu afunikie shimo lake, apate kuchimba na nusu iliyobaki. Mama zenu wako kule juu. Mkitaka kumzika baba, shukeni mumzike. Yeye hakuchora kitu. Mkiona hamwezi, rudini, tutamzika sisi hata kama ni usiku."

"Hilo si nililokuuliza," akasema Dominick. "Unaomba radhi au huombi?"

Apolonia aliinua jembe.

"Siombi. Si leo, si siku ya arobaini."